Zimulike taa ukutani kabla hujaziba kioo
Unayejifungia mwenyewe taa za projekta (taa za mbele zenye lenzi ndani) kwenye gari ya zamani, usizibe kioo cha taa kwa gundi kabla hujazimulika ukutani usiku. Gari iwe pahala tambarare, futi 25 hivi kutoka ukutani, uangalie ule mstari unaotenga mwanga na giza. Hapa Zanzibar tunaendesha kushoto, kwa hivyo mstari uinuke upande wa kushoto na kulia ubaki chini, usije ukampiga mwenzako machoni. Mstari umekaa mshazari? Legeza skrubu, zungusha projekta kidogo, kaza. Ukishaziba, kufungua tena ni kupasha taa moto upya ili gundi ilainike, na plastiki kuukuu huvunjika vibaya. Lakini mstari ukiinuka upande wa kulia, kuzungusha hakusaidii: projekta hiyo ni ya nchi zinazoendesha kulia. Ibadilishe.