Namna ya Kusoma Wasifu wa Marie Curie

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, tazama nani aliyeandika kitabu na kilitoka mwaka gani. Wasifu uliosomwa zaidi wa Marie, mwanasayansi aliyegundua radiamu, uliandikwa na binti yake mdogo, Ève, ukachapishwa mwaka 1937, miaka mitatu baada ya mama kufariki. Ni kitabu kilichojaa mapenzi, na mapenzi hayo yana ukimya wake: kisa cha mwaka 1911, magazeti ya Paris yalipomwandama Marie, ambaye alikuwa mjane, kwa uhusiano wake na mwanafizikia Paul Langevin aliyekuwa na mke, kimeguswa humo juu juu tu. Kwa hiyo ukiweza, uwe na wasifu mwingine wa baadaye kando yake.

Sura za utotoni Warsaw na za kazi ya kufundisha watoto majumbani, iliyomwezesha kumsomesha dada yake Bronia udaktari Paris, zinasomeka kwa wepesi, wala hazihitaji msaada. Ukifika maabarani ndipo upunguze mwendo. Wasomaji wengi huziruka kurasa hizi na kubaki na picha ya mwanamke mvumilivu katika banda linalovuja, ilhali uvumilivu bila fikra haungemfikisha popote. Chukua daftari, na kwa kila jaribio uandike alipima nini, kwa kifaa gani, na akakata shauri gani.

Kwa mfano, kwa elektrometa iliyobuniwa na mumewe Pierre pamoja na kaka yake Jacques, Marie alipima umeme hafifu mno ambao mionzi ya urani husababisha hewani. Aliona kwamba nguvu ya mionzi hufuata kiasi cha urani kilichomo, iwe kavu au imelowa. Kisha akapima mawe ambamo urani huchimbwa, akakuta yana nguvu kuliko urani yenyewe. Hapo funga kitabu kwanza ujiulize wewe ungesema nini. Yeye alisema kwamba ndani ya mawe yale mna elementi isiyojulikana, na mwaka 1898 yeye na Pierre wakatangaza mbili: poloniamu mwezi Julai, kwa heshima ya nchi yake Polandi, na radiamu mwezi Desemba. Kutoka katika tani za mabaki ya mawe hayo alipata, mwaka 1902, kloridi ya radiamu ya gramu 0.1, chache kuliko chumvi unayoibana kwa vidole viwili.

Weka alama pia kila panapogawiwa sifa. Mwaka 1903 wanachama wa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa walimpendekeza Pierre na Henri Becquerel, mwanafizikia aliyegundua mionzi ya urani, kwa Tuzo ya Nobel ya fizikia, bila Marie. Aliingizwa baada ya Pierre kudokezwa na kusisitiza. Januari 1911 Akademia hiyo ilikataa kumpokea, na mwaka huohuo akapata Nobel ya kemia peke yake.

Ukimaliza sura ya Julai 1934, alipofariki kwa upungufu wa damu uliotokana na uboho kuharibika, rudi kwenye kurasa za banda, pale yeye na Pierre walipokuwa wakienda usiku kufurahia chupa zao zikimeremeta gizani. Madaftari ya miaka ile, yaliyochafuliwa na radiamu, yamehifadhiwa Paris katika masanduku yenye kuta za madini ya risasi, kwa maana radiamu huchukua miaka ipatayo 1,600 kupungua nusu.