Somo: Heda za kache zinazokuja na kupotea kwenye Nginx

Wakuu, "nimebadilisha CSS lakini mteja bado anaona ya zamani" imeshajibiwa hapa hadi imechosha. Atakayeuliza tena anaelekezwa huku. Kwa wageni: Nginx ni programu ya seva ya wavuti, kache ni nakala ya faili iliyohifadhiwa ili isiombwe upya, na heda ni mistari ya maelezo inayotangulia jibu la seva.

1. Usipime kwa kivinjari. Tumia `curl -s -o /dev/null -D - https://tovuti-yako/style.css`. Achana na `-I`: inatuma HEAD (ombi la heda tupu), na programu nyingine hujibu HEAD tofauti na GET (ombi la kawaida la faili).

2. Rudia mara kumi. Majibu yakipishana, huenda nyuma kuna seva zaidi ya moja. Ipige kila moja peke yake kwa `--resolve` ya curl, inayokuchagulia IP.

3. `nginx -T | grep -nE 'expires|add_header'` itakuonyesha mistari ya mipangilio yenye maneno hayo.

4. Hapa ndipo wengi wanaumia. `add_header` (amri ya kuongeza heda) za kwenye `server` (mipangilio ya tovuti nzima) zinarithiwa na `location` (ya njia fulani ya tovuti) pale tu `location` hiyo inapokuwa haina `add_header` yake hata moja. Ukiweka X-Frame-Options peke yake humo ndani, zote za juu zinafutika, Cache-Control ikiwemo. Na `nginx -t` itapita bila kunung'unika. Dawa: zikusanye kwenye faili moja, kisha `include` kila `location` yenye `add_header` yake.
ONYO: `expires 30d` pamoja na `add_header Cache-Control` hutoa Cache-Control mbili, na kila kache itaamua kivyake. Chagua moja. Kama programu ya nyuma nayo inatuma yake, izime kwa `proxy_hide_header Cache-Control`.
ONYO: bila neno `always` mwishoni mwa `add_header`, heda haiingii kwenye 404 wala 500.

5. Cache-Control ya kuweka. Faili zenye hashi, yaani alama inayobadilika faili likibadilika, kwenye jina (app.3f9c1.js): `public, max-age=31536000, immutable`. HTML: `no-cache`.

6. `nginx -t && nginx -s reload`, kisha rudi hatua ya 1.

MASWALI

— Mkuu nimefuata zote bado inagoma. Msaada tutani.
— Inagoma vipi? Bandika matokeo ya curl. Mimi sipigi ramli.

— Kwani no-cache si ndiyo kusema isihifadhiwe kabisa?
— Hapana. Inahifadhiwa, ila lazima seva iulizwe kwanza kabla ya kutumika. Ya kutohifadhi ni `no-store`. Hiyo peleka kwenye kurasa za salio na taarifa binafsi.

— Mimi heda zinafanana, ila ETag (alama ya toleo la faili) ni tofauti kwenye seva mbili, 304 (jibu la "halijabadilika") inakuja kwa kubahatisha.
— Swali zuri. Nginx inaunda ETag kwa muda faili lilipobadilishwa na ukubwa wake. Katika "66a1f2c0-1a4b", kabla ya kistari ni muda, baada yake ni baiti, zote kwa heksadesimali. `scp` bila `-p` inaipa kila seva muda wake. Tumia `rsync -a`. Ukiona imeanza na W/ usishtuke, ni gzip, ubanaji wa faili.

— Tovuti yangu inachagua lugha kwa Accept-Language, wa Kiswahili wanaletewa Kiingereza.
— Umesahau `Vary: Accept-Language`, heda inayoiambia kache itenganishe nakala kwa lugha. Aliyefika kwanza amewachagulia wenzake wote. Ila ni nafuu zaidi kutenganisha /sw/ na /en/.

— Nimefuta kache ya simu mara tatu, wapi.
— Tazama heda ya `Age`. Ikiwa 5400 (ni sekunde), nakala hiyo ina saa moja na nusu kwenye kache ya katikati. Futa huko, simu haina kosa.