Kushika vitufe vya kibodi kwenye programu ya keshia (Python na Tkinter)

Keshia wa duka la jumla kule Eastleigh, saa kumi na mbili jioni foleni ikiwa imefika mlangoni, hana mkono wa kushikia kipanya. Mmoja una skana, mwingine unapanga bidhaa. Programu yake lazima iende kwa kibodi peke yake, na ndivyo tutakavyoijenga hapa kwa Tkinter, maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha.

Hatua ya 1: Ijue skana. Skana nyingi za USB hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi. Hucharaza tarakimu 13 za bakodi mbiombio (zile za bidhaa zilizosajiliwa Kenya huanza na 616), kisha kwa kawaida humalizia na Enter. Ukishika kibodi sawasawa, na skana umeishika.

Hatua ya 2: Funga Enter, yaani iunganishe na fanksheni itakayoitwa kitufe hicho kikibonyezwa.

```
import tkinter as tk

dirisha = tk.Tk()
sanduku = tk.Entry(dirisha)
sanduku.pack()
sanduku.focus_set()

def pokea(tukio):
    namba = sanduku.get().strip()
    sanduku.delete(0, "end")
    print(namba)

sanduku.bind("<Return>", pokea)
sanduku.bind("<KP_Enter>", pokea)
dirisha.mainloop()
```

KP_Enter ni ile Enter ya upande wa namba kwenye Linux. Usiiache, maana mkono wa keshia hukaa huko huko.

Hatua ya 3: Linda fokasi. Kitufe hupelekwa kwa kisanduku chenye fokasi tu, yaani kile kinachopokea maandishi kwa wakati huo. Dirisha dogo la chenji likifungwa, ita `sanduku.focus_set()` tena, la sivyo bakodi inayofuata itapotea hivi hivi.

Hatua ya 4: Soma kwa wakati wake. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo twende polepole. Tuseme kuna kisanduku cha idadi, nawe unataka jumla ibadilike keshia anapoandika. Unafunga `<Key>` na kusoma `get()`. Mteja ana mikate 12. Keshia anabonyeza 1, unapata kisanduku kitupu; anabonyeza 2, unapata "1". Skrini inaonyesha bei ya mkate mmoja.

Tk (injini iliyo chini ya Tkinter) haijakosea. Kwa kawaida tukio hupita kwanza kwenye fanksheni uliyofunga wewe, halafu kwenye kanuni za Entry zinazoandika herufi, kisha kwenye dirisha, mwisho kwenye "all" (kanuni za programu nzima). Wewe umesoma kabla herufi haijaandikwa. Ukitaka maandishi yaliyokamilika, subiri kitufe kiachiwe: funga `<KeyRelease>`.

Mpangilio huo una faida yake: kwa kuwa wewe ndiye wa kwanza, unaweza kuzuia tukio lisiendelee kwa kurudisha "break". Kisanduku cha idadi (Entry tuliyoiita `idadi`) kikubali tarakimu tu:

```
def tarakimu_tu(tukio):
    h = tukio.char
    if h and h.isprintable() and not h.isdigit():
        return "break"

idadi.bind("<Key>", tarakimu_tu)
```

Mishale na kitufe cha kufuta vitaendelea kufanya kazi. Ila hii haizuii maandishi yaliyobandikwa, kwa hiyo kagua tena kabla ya kuhesabu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimefunga herufi k kwenye dirisha zima ichapishe risiti. Nikitafuta "sukari", risiti inatoka. Nifanyeje?*

Kila kilicho ndani ya dirisha hupitisha matukio yake kwa dirisha hilo, kwa hiyo k ya sukari nayo inafika. Herufi tupu usiifunge kwenye dirisha. Tumia `<F9>` au `<Control-p>`. Ukichagua ya pili, funga na `<Control-P>`, kwa sababu Caps Lock ikiwaka ni herufi kubwa inayokuja.

*Asante kwa somo, kaka. Keshia wetu akikawia kuachia Enter, malipo yanaingia mara mbili. KeyRelease itasaidia?*

Usiitegemee, dada. Kitufe kikishikiliwa, kompyuta hurudia tukio lenyewe, na kwenye Linux hata KeyRelease huweza kurudiwa. Weka kinga kwenye malipo: kigeu `imelipwa` kiwe False mauzo mapya yanapoanza, na fanksheni ya kulipa ianze kwa `if imelipwa: return`, halafu ikigeuze kuwa True papo hapo, kabla ya kuandika chochote kwenye hifadhidata. Kumbuka kutangaza `global imelipwa` ndani ya fanksheni hiyo.