Kabla Hujajaza Mahindi ya Mwaka Mzima Stoo

Mavuno yakishuka, bei nayo hushuka, na kila mwenye chumba cha ziada anataka kujaza magunia. Jaza. Ila kuna mambo uyamalize kabla gunia la kwanza halijavuka kizingiti.

Weka mahindi, si unga. Ukishasaga, mafuta ya kiini hukutana na hewa, na dona haikawii kuwa chungu. Peleka mashineni ya wiki mbili tatu, mengine yabaki punje.

Pukuchua. Mahindi yakiwa kwenye gunzi ni karamu ya dumuzi, yule mdudu wazee wanayemwita skania. Pepeta, toa punje zilizovunjika na zilizooza. Fagia stoo na toa makapi ya mwaka jana, maana wadudu wa mwaka huu wanatokea humo. Ziba mashimo ya panya. Panga magunia juu ya chaga, yasiguse ukuta.

Sasa ukavu. Hapa ndipo nilipoungua mimi.

Mwaka ule nilinunua magunia manane kwenye soko la mahindi la Kibaigwa, Dodoma. Nilichukua punje, nikaing'ata, ikalia "ka!", nikajiona mtaalamu. Nikanunua na ile mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na kiroba nje, nikafunga kila mmoja kwa kamba mpaka vidole vikauma. Nilikuwa nimesikia kwamba wadudu waliofungiwa humo humaliza oksijeni wakafa wenyewe, bila dawa. Ni kweli. Ambacho sikukisikia ni kwamba mfuko usiopitisha hewa haupitishi unyevu pia. Mahindi mabichi kwenye kiroba cha kawaida angalau yanapumua, humo yanajipika.

Januari nikafungua wa kwanza. Mama alikuwa ametutembelea, akasimama mlangoni akanusa, akauliza, "Mwanangu, ulinunua mahindi au togwa?" Mifuko mitano kati ya minane ilikuwa hivyo. Punje zimegandamana, nyingine zina ukungu wa kijani.

Jirani anayepika pombe akaja na hela mkononi. Mwingine akasema nisage niwape kuku. Nilikataa, na sijutii. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kuchemsha, wala kuosha hakuiondoi yote. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa chakula chenye sumu hiyo na 20 wakafa. Kuku akila, na yeye anadhurika. Nilichimba shimo nikafukia, majirani wakinitazama kama mwendawazimu.

Kwa hiyo achana na meno. Tafuta chupa ya soda ya kioo, kavu kabisa. Jaza mahindi mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, ziba, tikisa dakika moja, iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha mahindi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Isiponata, bado mimi naongeza siku mbili za jua, kwa sababu unaotakiwa ni asilimia 13 hivi. Pima kila gunia. Yangu matatu yalipona kwa kuwa yalitoka kwa mkulima mwingine, na kwa macho hukuona tofauti yoyote. Yakitoka juani yaache yapoe ndipo uyafunge.

Ukishafunga, usifungue kila wiki kuchungulia. Tenga mfuko mmoja wa kula, mingine isiguswe. Tundu dogo tu la panya, hewa imeingia, kazi imeharibika.

Ukiamua kutumia dawa ya unga na viroba vya kawaida, fuata kipimo cha kwenye pakiti, si cha muuzaji, na usile kabla ya siku zilizoandikwa. Vile vidonge vya kufukiza usiviweke kamwe kwenye nyumba wanamolala watu. Gesi yake inaua, na inapita chini ya mlango.

Kagua bati kabla ya mvua. Andika tarehe kwenye kila mfuko, anza na ya zamani. Ufunguo ukae na mtu mmoja. Na ukiulizwa mtaani una magunia mangapi, sema machache.