Namna ya kupanga majukumu ya watumiaji na ruhusa zao katika mfumo

Kabla hujafungua ukurasa wa mipangilio, orodhesha kazi zinazofanyika ndani ya mfumo wa kompyuta mnaoutumia kazini, si majina ya wanaozifanya: kuingiza ankara, kuidhinisha malipo, kusoma ripoti, kusajili watumiaji wapya. Kazi zinazokwenda pamoja ndizo zitakazounda jukumu moja. Jukumu ndilo linalopewa ruhusa, naye mtumiaji hupewa jukumu. Utaratibu huu, ambao watafiti wa kompyuta wa Marekani, David Ferraiolo na Richard Kuhn, waliueleza rasmi mwaka 1992, hukuepusha na kuhangaikia ruhusa moja moja kila mtu anapohamishwa kazi.

Kila jukumu lianze likiwa tupu, kisha liongezewe zile ruhusa tu ambazo bila hizo kazi haifanyiki. Wengi hufanya kinyume, yaani hunakili jukumu la msimamizi na kuanza kupunguza, na hapo ni rahisi mno kusahau kitu. Tofautisha kusoma, kuhariri, kufuta na kupakua. Ruhusa ya kupakua hupuuzwa, ilhali anayeweza kuchukua orodha nzima ya wateja anaweza kuleta madhara makubwa bila kubadilisha hata herufi moja. Anayeandaa malipo asiwe ndiye anayeyaidhinisha, na uhakikishe hakuna aliyepewa majukumu hayo yote mawili, kwa sababu katika mifumo mingi ruhusa za majukumu hujumlishwa.

Wasimamizi wawe wachache, lakini wasipungue wawili, na kila mmoja awe na akaunti yake yenye uthibitishaji wa hatua mbili. Akaunti inayotumiwa na watu kadhaa huifanya kumbukumbu ya matukio isiweze kusema nani alifanya nini.

Jaribu kila jukumu kwa akaunti ya majaribio. Usitosheke na kuona kwamba kitufe cha kufuta hakionekani: andika anwani ya ukurasa uliokatazwa moja kwa moja katika kivinjari uone kama seva yenyewe, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, inakataa. Kukificha kitufe si kumzuia mtu.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi, kwa maoni yangu, ni kuondoa ruhusa. Anayehitaji ruhusa atakufuata mpaka aipate, lakini asiyeihitaji tena hana sababu ya kukukumbusha. Ndiyo maana mfanyakazi aliyepitia idara tatu huishia na ruhusa za zote tatu, bila yeyote kukusudia hivyo. Mtu anapohama, ondoa jukumu la zamani siku ileile unayompa jipya. Kama anahitaji muda wa kukabidhi kazi, weka tarehe ya mwisho ndani ya mfumo wenyewe, wala usiitegemee kumbukumbu yako. Anapoacha kazi, simamisha akaunti yake badala ya kuifuta papo hapo, ili nyaraka na historia ya alichofanya visipotee. Kisha katisha vipindi vyote alivyoviacha wazi, yaani popote alipoingia kwenye mfumo bila kutoka, kwenye simu na kompyuta, na ubatilishe funguo alizounda kwa ajili ya kuunganisha programu nyingine, kwani kubadilisha nenosiri peke yake mara nyingi hakuzigusi funguo hizo.

Kila baada ya miezi mitatu, mpe mkuu wa kila kitengo orodha ya watu wake ikionyesha kwa maneno ya kawaida kile ambacho kila mmoja anaweza kufanya, athibitishe mmoja baada ya mwingine. Ruhusa isiyothibitishwa iondolewe.