Namna ya Kukagua Kipindi Bila Kukosana na Mwalimu

Kabla ya kumkagua mwalimu yeyote, waalike walimu wako wakukague wewe. Fundisha kipindi kimoja, wakae nyuma waandike wanachoona, kisha wakueleze. Mkuu wa shule ambaye kazi yake imeonekana, naye akakubali kuambiwa, hachukuliwi kama mpelelezi.

Siku moja au mbili kabla, mjulishe mwalimu ni kipindi gani utakachoingia, soma andalio lake la somo, na mkubaliane jambo moja la kuangalia: tuseme, maswali yanavyogawanywa darasani. Ukikagua kila kitu kwa mpigo, mwalimu hajui aanzie wapi kurekebisha.

Fika mapema, ukae pembeni mahali unapoziona nyuso za wanafunzi. Baki mpaka mwisho, kwa sababu ugumu wa somo hujitokeza zaidi wanafunzi wanapoanza kufanya zoezi wenyewe. Mwalimu akikosea ubaoni, usimsahihishe mbele yao. Mwambie baadaye, naye atasahihisha mwenyewe kipindi kinachofuata. Heshima yake ikishuka mbele ya darasa, wewe huwezi kumrudishia.

Unayoandika ndiyo yatakayoamua mazungumzo yatakwendaje. Gawa ukurasa mara mbili: kushoto saa, kulia kilichotokea. Ukiandika "hashirikishi wanafunzi", umeshatoa hukumu, na mwalimu ataipinga. Andika: "Saa 3:10, ameuliza swali, amesubiri sekunde moja, akajibu mwenyewe." Hilo atalikumbuka. Na lina uzito wake: mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kwa kawaida walimu husubiri jibu kwa sekunde 1 hivi au pungufu, na wakifikisha 3, majibu ya wanafunzi hurefuka na wanaokaa kimya hupungua.

Zungumzeni siku hiyohiyo au kesho yake, faraghani, kamwe si kwenye chumba cha walimu. Toka nyuma ya meza yako, mkae upande mmoja, daftari likiwa katikati ili naye asome ulichoandika. Mwache aanze yeye: kipi kimekwenda vizuri, kipi angefanya vingine? Dakika 20 zinatosha. Chagueni badiliko moja, mliandike, mpange tarehe ya wewe kurudi, baada ya wiki 2 au 3 hivi. Akisema vitabu havitoshi, andika hilo nalo kama kazi yako, ulishughulikie kabla ya tarehe hiyo. Usipotimiza lako, utamdai vipi lake?

Akipandwa na hasira, usibishane naye. Funga daftari, mpe siku moja, kisha mrejee kile kilichoandikwa.

Kinachoharibu kazi yote hii mara nyingi ni kuingiza mambo ya kuchelewa au utoro katika mazungumzo ya ufundishaji. Hayo yana kikao chake. Ukiyachanganya, kila ukaguzi utaonekana ni wa kukusanya ushahidi. Baya zaidi ni kusema kwenye kikao cha walimu, "kuna mwalimu mmoja humu..." Hata usipomtaja, wenzake watamjua, maana walikuona ukiingia darasani kwake.

Ukirudi tarehe mliyopanga, angalia lile badiliko tu. Akiwa amelifanya, mwambie siku hiyohiyo, kwa kumwonyesha mahali ulipoliona: swali lipi, na mwanafunzi gani alijibu.