Jinsi ya kufuatilia historia ya Ferrari 330 P4 (au prototaipu yoyote ya zamani ya Italia, yaani gari la mashindano tu) bila kuingia kingi kama mimi

Mimi natengeneza vigari vya mfano, saizi ya moja kwa 43, kwa mikono, hapa Dar. Wateja wengi wako Ulaya na hao watu hawana mchezo, ukikosea kioo cha pembeni tu unapokea barua pepe ndefu kama hati ya mashtaka. Juzi kati mmoja akanitumia picha nyeusi na nyeupe na mstari mmoja: nataka P4 namba 24 ya mwaka 1967. Basi. Nikamwambia dogo ninayefanya naye kazi kwamba hii ni ya wiki moja, ikala wiki tatu. Kwa hiyo naandika hapa ninavyofanya sasa, mwenye macho achukue.

Hatua ya 1: Anza na namba ya chesisi

Sio jina la modeli, sio rangi, sio dereva. Namba ya chesisi. Ferrari enzi zile gari za mashindano walizipa namba shufwa na zile za barabarani witiri, kwa hiyo mtu akikuletea "prototaipu" ya miaka ya 60 yenye namba witiri muulize maswali mengi kabla hujatoa hata mia.

Utasikia watu wanabishana P4 zilikuwa tatu au nne. Wote wako sawa. Zilizozaliwa P4 ni 3: 0856, 0858 na 0860. Ya nne ni 0846, hiyo ilizaliwa P3, modeli iliyotangulia P4, mwaka 1966 halafu wakaigeuza. Na kuna 412P, ukiiangalia kwa nje utaapa ni P4 lakini ndani ina kabureta badala ya injeksheni, hizo walipewa timu za watu binafsi. Sasa chukua 0844: ilikuwa P3, ikaja kuwa 412P. Namba moja, majina mawili. Ukifuata jina umepotea.

Hatua ya 2: Kauntabuku

Nunua kauntabuku. Usiniletee habari za Excel, dogo alianza na Excel akafuta safu nzima bila kujua. Kila chesisi mpe kurasa zake, andika tarehe kushoto, kilichotokea katikati, umekipata wapi kulia. Pasipojulikana acha wazi, usijaze kwa kubahatisha.

Hatua ya 3: Matokeo ya mashindano

Hii rahisi, matokeo ya mbio kubwa yako mtandaoni. Kitu kimoja tu, madereva wa zamani walikuwa wanaficha majina. "Beurlys" utakayemkuta kwenye matokeo ya Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, ni Mbelgiji Jean Blaton. Ukitafuta kwa jina moja tu unakosa nusu ya habari.

Hatua ya 4: Picha (hapa ndipo nilipolia)

Kaa vizuri.

Namba ya ubavuni ni jezi. Leo kavaa huyu, wiki ijayo kavaa mwingine. Nilikuwa najua hilo, nilishawafundisha na wengine, na bado likanipiga. Mbio za Daytona huko Marekani, tarehe 4 na 5 Februari 1967, Ferrari walimaliza wa kwanza, wa pili na wa tatu, zikavuka mstari zimepangana kama harusi ili Ford waone, maana Ford ndio waliowafanyia hivyo hivyo Le Mans mwaka wa nyuma. Ya kwanza namba 23, chesisi 0846, ya wazi haina paa, Bandini na Amon. Ya pili namba 24, chesisi 0856, yenye paa, Parkes na Scarfiotti. Ya tatu ni ile 0844 ya Rodríguez na Guichet.

Sasa njoo Le Mans, tarehe 10 na 11 Juni, mwaka ule ule. Namba 24 ni nani? P4. Yenye paa. Ila ni chesisi 0860, ya Mairesse na Beurlys, imemaliza ya tatu. Yaani P4 mbili, zote zina paa, zote namba 24, miezi minne tu katikati. Na mteja kaandika "P4 namba 24" akaona kamaliza.

Picha yenyewe ilikuwa imekatwa pembeni. Nyuma ya Ferrari linaonekana bawa lile refu la Chaparral 2F, gari la mashindano la Marekani, likanijia kichwani kwamba 2F ilitamba Daytona mwanzoni mwa mbio, nikasema imeisha hiyo, Daytona, 0856. Nikamwaga resini. Nikachapa stika. Usiku wa pili nimekaa na kikombe cha chai nikakumbuka kwamba Chaparral hiyo hiyo Le Mans ilikuwepo! Bawa halithibitishi kitu. Nilitamani kulia.

Kilichotuokoa ni kutafuta picha kamili ambayo haijakatwa. Weka picha kwenye utafutaji wa picha, usiridhike na majibu ya kwanza, shuka mpaka chini, jaribu tena ukiwa umeigeuza kushoto kulia maana kuna watu wanaskani filamu upande usio wenyewe (ukiona namba inasomeka kinyumenyume ujue). Dogo ndiye aliyeipata, bando likakata mara mbili. Kwenye picha kamili kuna pua ya gari nyingine kwenye kona, tukaikuza: Ford Mk IV. Mk IV ilianza kushindana mbio za Sebring, Marekani, Aprili 1967. Daytona Ford walikuwa na Mk II. Kwa hiyo Februari hiyo pua haiwezi kuwepo, picha ni ya Le Mans, gari ni 0860.

Tangu siku hiyo Ferrari yenyewe naiangalia mwisho. Kwanza naangalia majirani zake, ukuta, miti, watu wamevaa nini. Halafu ndio misumari ya ripiti, taa, vioo, mabonde ya bodi, na hapo uwe na picha mbili za siku moja, maana usiku mmoja wa mbio fundi bodi anaweza kubadilisha pua nzima.

Na picha za rangi nzurinzuri za siku hizi usizitumie kama ushahidi. Replika za P4 ziko nyingi.

Hatua ya 5: Baada ya mbio

Mwaka 1968 sheria ikabana injini za prototaipu ziwe lita 3, P4 ni lita 4, basi kazi ikaisha. 0858 na 0860 zilishakatwa bodi mwishoni mwa 1967 zikapelekwa kwenye mashindano ya Can-Am huko Marekani, injini ikapanuliwa kufika lita 4.2. Kwa hiyo ukikuta picha ya 0860 haina paa usishtuke, angalia tarehe.

Hatua ya 6: Katalogi za minada

Soma, zina picha nzuri na mlolongo wa wamiliki, lakini ziwe za mwisho. Mwamba ngoma huvutia kwake. 412P chesisi 0854 iliuzwa mnadani California Agosti 2023 kwa zaidi ya dola milioni 30, kwa pesa hiyo hakuna anayeandika kasoro kwa herufi kubwa.

Hatua ya 7: Ukikuta ugomvi, andika pande zote

Mfano 0846. Le Mans 1967 Amon alipata pancha, akashuka abadilishe tairi mwenyewe, kichwa cha nyundo kikachomoka, akajikongoja kurudi, gari ikashika moto njiani. Ferrari wanasema chesisi ile ilitupwa. James Glickenhaus wa Marekani anasema gari yake imebeba vipande vya mabomba ya chesisi ile ile. Mimi kwenye kauntabuku nimechora mstari ukurasa katikati, kushoto huyu, kulia yule. Ukiniuliza binafsi, vipande vya bomba ni vipande vya bomba, lakini sijavishika kwa mkono wangu.

Mteja alijibu, ndiyo, Le Mans. Hakuuliza kwa nini nimechelewa. Ile bodi ya 0856 ipo kabatini na stika zake za Daytona, haina rangi bado, mwenye kuitaka aseme.